Leseni ya bure ya kompyuta: Ni zawadi au ni kitu cha kuazima?

MIONGONI mwa maswali ambayo vijana wetu wa Kiislamu waliosomea kompyuta huwapelekea masheikh, ni nadra kukuta swali kuhusu vitu wanavyopewa bure. Huuliza juu ya riba ya benki, juu ya kazi katika kampuni za bahati nasibu, na wachache huuliza juu ya programu zilizonakiliwa kinyemela. Lakini kitu kikishaandikwa kuwa ni cha bure, maswali huishia hapo. Bure ni bure, nani tena wa kuuliza halali na haramu?

Makusudio ya makala hii ni kuonesha kwamba swali haliishii hapo. Kuna aina ya bure ambayo inamtia mtu katika mkataba mzito kuliko angenunua kwa fedha yake, na mkataba huo huhuishwa kila mwaka mbele ya Allah (s.w.), hata kama shahidi wake ni kioo cha kompyuta peke yake.

Kwa faida ya msomaji asiye mtaalamu, programu huria ni programu ya kompyuta ambayo maandishi yake ya ndani, yale aliyoyaandika mtunzi ili mashine ifanye kazi, yamewekwa wazi. Kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuyagawa kwa wengine. Lakini ili aandike programu hiyo, mtunzi naye anahitaji zana, kama seremala anavyohitaji msumeno na randa. Baadhi ya zana hizo zinauzwa, na bei yake kwa kijana wa Morogoro au Mbagala si ndogo. Ndipo baadhi ya makampuni yanapowapa watunzi wa programu huria leseni bila malipo. Mfano ni kampuni ya JetBrains, iliyoanzishwa Prague mwaka 2000. Kampuni hii hutoa zana zake bure kwa miradi huria kwa masharti maalumu: mradi uwe huria kweli, uwe hai, usiwe wa biashara, na zana itumike kwa kazi hiyo tu. Leseni ni ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mtunzi anaomba ihuishwe na anaeleza kuwa mradi wake bado unastahiki.

Hapa Chanzuru, wilayani Kilosa, jambo hili halihitaji kompyuta ili lieleweke. Jirani zetu ni kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambacho kimewapatia wakulima mbegu za mahindi kama Staha na TMV-1. Hizo si mbegu chotara. Mkulima akivuna anaweza kuchagua magunzi yaliyojaa vizuri, akahifadhi mbegu, akapanda msimu unaofuata na akamgawia mwenzake. Chotara si hivyo. Ukirudia kupanda ulichovuna mavuno yanashuka, kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Mtunzi wa programu huria ni mtu anayegawa mbegu ya aina ile ya kwanza. Watu wanaichukua, wanaipanda, wanaiboresha. Lakini shamba alilootesha mbegu hiyo amelilima kwa plau ya jirani. Mbegu ni yake na ana haki ya kuigawa, ila plau si yake.

Kiswahili chetu kimelipambanua jambo hili tangu zamani. Mtu hakopi jembe, anaazima jembe. Unakopa fedha ukarudisha nyingine mfano wake. Unaazima chombo ukakitumia kisha ukakirudisha chenyewe. Wanazuoni wa fiqhi nao wametenga milango miwili. Ukipewa kitu kikawa milki yako, hiyo ni hiba. Ukiruhusiwa kunufaika na kitu huku kikibaki milki ya mwenyewe, hiyo ni ariya. Aliyepewa hiba anaweza kuiuza, kuigawa au kuiweka kabatini. Aliyeazimwa anatumia kwa namna aliyoruhusiwa tu, na mwenye mali akikitaka chombo chake anakirudisha. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea katika pwani yetu na bara, kauli yenye nguvu ni kwamba aliyeazimwa hana ruhusa ya kumwazima mtu wa tatu bila idhini ya mwenyewe.

Sasa tuitazame leseni ile ya mwaka mmoja. Ina muda. Ina matumizi maalumu. Haihamishwi. Mwenyewe anaweza kukataa kuihuisha. Kitu chenye sifa hizi hakiwi hiba hata kama kimeandikwa "bure" kwa herufi kubwa. Ni kitu cha kuazima, na hukumu iliyo karibu nacho zaidi ni ya ariya.

Uislamu haukudharau azima. Katika Suratul-Maa'un (107), Allah (s.w.) anawataja watu waliotishiwa adhabu, na katika sifa zao ni kuzuia vyombo vya kusaidiana. Imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kuwa vyombo hivyo ni kama ndoo na chungu, yaani vitu ambavyo majirani huazimana. Ukiangalia vizuri utaona kwamba kumnyima mtu chombo ambacho hukupungukiwa kwa kumpa kumewekwa pamoja na kughafilika na Swala na kufanya ria. Kwa hiyo anayeazimisha zana yake, awe nani, amefanya jambo ambalo dini yetu inalisifu. Na kama kuzuia chombo ni aibu kiasi hicho, kukihini kitakuwaje?

Kipo kisa kinachogusa suala letu moja kwa moja. Baada ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alijiandaa kwa vita vya Hunayn na akahitaji deraa. Zilikuwepo kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo bado alikuwa mushriki. Mtume alimwomba. Safwan akauliza kama anazichukua kwa nguvu. Swali lake lilikuwa na maana, kwa sababu mji ulikuwa umeshaangukia mikononi mwa Waislamu na hapakuwa na wa kuwazuia. Mtume (s.a.w.) akamjibu kuwa hapana, ni kuazima, na ni azima yenye dhamana. Imepokewa katika Sunan Abu Dawud kwamba baadhi ya deraa zilipotea, na Mtume akajitolea kulipa. Safwan hakutaka malipo, kwa maelezo kwamba moyoni mwake siku ile mlikuwa na jambo ambalo halikuwamo siku alipoazimisha. Alikuwa amesilimu.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kinaondoa hoja ambayo vijana wengi hujificha nyuma yake. Husema: "Hawa ni makafiri, ni matajiri, tena wapo mbali, hawapungukiwi na lolote." Safwan naye alikuwa mushriki, alikuwa tajiri, na alikuwa ameshindwa vita. Hata hivyo mali yake ilibaki mali yake na neno alilopewa lilibaki neno. Vilevile Mtume (s.a.w.) alipohama Makka alimwacha Ali (r.a.) awarudishie Maquraysh amana zao, watu wale wale waliokuwa wamepanga kumuua. Ikiwa amana ya anayetaka kukuua inarudishwa, amana ya aliyekuazima zana ukasomee na kutengenezea kazi ina haki iliyo wazi zaidi.

Tuchukue mfano ili tusibaki hewani. Kijana ana mradi huria wa programu ya kuandikisha wanafunzi wa madrasa. Ameomba leseni ya zana na amepewa. Miezi ya mwanzo amefanya kazi vizuri. Kisha mwenye duka la vifaa vya ujenzi anamtaka amtengenezee programu ya kuhesabu mali, kwa malipo. Zana ipo mezani, tena ameizoea. Anaitumia. Mwenzake wa chumba anaomba namba ya leseni, anampa. Mradi wa madrasa unalala. Mwaka unaisha na ujumbe unamjia: Je, mradi bado uko hai? Je, zana inatumika kwa kazi isiyo ya biashara? Anaweka alama ya ndiyo katika maswali yote mawili na kuendelea na kazi ya duka.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametaja alama tatu za mnafiki: akizungumza husema uongo, akiahidi huvunja, na akiaminiwa hufanya khiyana. Mara nyingi tunapoisoma hadithi hii tunazitafuta alama hizo kwa watu tofauti na katika matukio tofauti. Kijana wetu amezikusanya zote katika fomu moja. Amesema mradi uko hai, nao umelala. Ameahidi kutofanyia biashara, naye amefanyia. Ameaminiwa kwa zana, akaigawa kwa asiyepewa. Na hakuna aliyemwona. Kazi yote imemchukua dakika mbili.

Wapo wajanja zaidi. Hao hawaweki alama ya uongo. Wiki moja kabla ya leseni kwisha wanaamka, wanarekebisha mistari miwili mitatu ya programu iliyokufa ili ionekane ina uhai, wanaomba kuhuishiwa, kisha wanaifukia tena hadi mwaka ujao. Kwa maneno hawakusema uongo. Lakini Qur'an (7:163) inatukumbusha habari za watu wa mji wa kando ya bahari waliojaribiwa kwa samaki siku ya Sabato. Wafasiri wanaeleza kuwa wapo waliotega kabla ya siku hiyo na kuvua baada yake, ili waweze kusema hawakuvua Sabato. Hila ile haikuwaokoa. Mwenye kuazimisha alitaka kusaidia mradi unaoishi, na wewe unajua kuwa wako ni maiti uliyoipaka mafuta.

Hoja ya pili inayosikika ni kwamba programu haipungui. Ukitumia jembe la jirani kwa kazi nyingine linachakaa, lakini namba ya leseni haichakai. Ni kweli haichakai. Hata hivyo haki iliyovunjwa hapa ni ya sharti, na sharti halihitaji kitu kupungua ndipo livunjike. Qur'an (5:1) inawaamrisha waumini kutimiza mikataba, na (17:34) inatuambia kuwa ahadi itaulizwa. Aidha, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe zinazolindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo imeziweka programu za kompyuta katika kazi zinazolindwa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni umasikini. Kijana anasema: "Mwalimu, sina uwezo wa kununua. Dharura huhalalisha kilichoharamishwa." Umasikini wa vijana wetu haukanushiki, na anayewahukumu bila kuutazama hawatendei haki. Lakini kanuni ya dharura ina mpaka: mtu awe hana njia nyingine ya halali. Mwenye njaa haruhusiwi kula nyamafu huku ugali umefunikwa mezani. Na katika uwanja huu ugali upo. Zipo zana huria zilizo bure kwa kila mtu na kwa kila kazi, hata ya biashara, bila fomu ya mwaka. Eclipse ni mojawapo na imetumiwa kwa miaka mingi na watunzi wa programu duniani. Huenda si tamu kama ile ya kuazima. Kukosa tamu si dharura.

Isifahamike kuwa nawatetea wenye makampuni kwa kila jambo. Mwazimishaji naye anaweza kuweka sharti la kumfunga mtu mikono, na anaweza kuondoa alichokitoa wakati watu wameshakiegemea. Mfano maarufu ni wa Linux, programu huria inayoendesha sehemu kubwa ya kompyuta zinazohudumia intaneti. Mwaka 2002 mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alianza kutumia zana iitwayo BitKeeper kutunza kumbukumbu za kazi ya maelfu ya watunzi. Kampuni ya BitMover, iliyokuwa ikiuza zana hiyo, iliwaruhusu kuitumia bure, kwa sharti kwamba anayeitumia asishiriki kutengeneza zana ya kushindana nayo. Wapo waliopinga wakati ule, akiwemo Richard Stallman, kwa kuona kwamba si vyema kazi ya watu wote kutegemea kitu chenye mwenyewe. Mwaka 2005 mtaalamu mwingine, Andrew Tridgell, ambaye alisema hakuwahi kuikubali leseni ile, alitengeneza programu ya kuchota taarifa kutoka katika mfumo huo. Kampuni ilikasirika na mwezi Aprili 2005 ikatangaza kuiondoa huduma ya bure.

Kilichofuata ndicho chenye mazingatio kwetu. Torvalds hakubaki kutumia kwa wizi zana aliyonyang'anywa, wala hakukaa kulalamika. Mwezi ule ule wa Aprili aliacha kazi yake ya kawaida, akaanza kuandika zana mpya aliyoiita Git, na kufikia mwezi Juni mwaka huo toleo la Linux lilitoka likiwa limetunzwa ndani ya Git. Zana hiyo aliiachia watu wote. Leo hii karibu kila mtunzi wa programu duniani anaitumia, akiwemo kijana wetu wa madrasa. BitKeeper yenyewe ilifanywa huria mwaka 2016, wakati watu walikuwa wameshahama.

Waswahili wanasema mtegemea cha nduguye hufa masikini. Aliyeazimisha ana haki ya kudai chake, na hatuwezi kumwita dhalimu kwa kudai. Makosa ni ya umma unaolima kila msimu kwa plau ya watu na hauna hata mpango wa kuwa na yake. Hapo ndipo tunapohitaji kutoka katika mlango wa ariya na kuingia katika mlango wa wakfu.

Waislamu walipohamia Madina walikuta maji matamu ya kisima cha Ruma yanauzwa. Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima kile kwa mali yake na akakiweka wakfu, ndoo yake ikawa sawa na ndoo ya Mwislamu mwingine yeyote. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuhuisha ruhusa ya kunywa. Mwenye kutunga programu huria na kuiachia watu kwa nia safi amefanya kinachofanana na kisima kile. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa katika mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Programu huria yenye manufaa inagusa mawili ya mwanzo kwa pamoja.

Na wala tusidhani kuwa haya ni ya Ulaya. Takwimu za vituo vya afya nchini mwetu, Kilosa ikiwemo, zimekuwa zikikusanywa kwa programu huria iitwayo DHIS2, ambayo kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuijenga na kuieneza hapa. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu hicho cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo tunao watu wenye uwezo wa kuchimba kisima. Swali ni nani anawapa jembe la kuchimbia, na kwa masharti gani.

Wenye nafasi miongoni mwetu wamezoea kuweka wakfu msikiti, kisima na mashamba, na Allah awalipe. Lakini nani amefikiria kumnunulia kijana mwadilifu zana yake ya kazi ikawa milki yake, au kumlipa mshahara wa mwaka mmoja atunze programu ya madrasa ambayo madrasa zote zitaitumia bila malipo? Gharama yake ni ndogo kuliko ya mnara wa msikiti. Na sisi walimu wa dini tunapofundisha mlango wa ariya tusiishie kwenye ngamia na deraa, kwa kuwa wanafunzi tulionao hawaazimi ngamia. Mifano yao imo katika kompyuta na simu walizoshika mikononi.

Kwa kijana ambaye leseni yake inakaribia kwisha, ushauri wangu ni mfupi. Yasome masharti kwa lugha uliyoyakubalia. Kazi ya malipo itafutie zana ya kununua au zana huria. Mradi ukifa, sema umekufa na uiache leseni iishe. Kurudisha cha watu si fedheha. Ukiwa na jambo la kutatiza, kwa mfano mradi wako umeanza kupokea michango na hujui kama hiyo ni biashara, usijitolee fatwa mwenyewe. Katika shubha nyingine hatuna wa kumuuliza, lakini hapa mwenye mali yu hai na ana anuani. Mwandikie umuulize. Akikuruhusu, tumia ukiwa na utulivu wa moyo. Akikukatalia, umejua.

Fedha ya duka la vifaa vya ujenzi itaingia nyumbani, itanunua unga na kulipa ada ya mtoto. Mwenye kampuni huko Ulaya hatajua kamwe ilipatikana kwa zana gani. Lakini atakayeinua mikono usiku kumwomba Mola wake anajua, na Anayeombwa anajua zaidi.

Wallaahu a'lam.